"Mbona hainipigi shoti?" Jamani, hicho sio kipimo

Naomba tuelewane leo maana nimechoka kusikia hii kitu. Nikimwambia mtu mashine yake ya hospitali haina ethi, yaani ule waya wa kupeleka umeme ardhini, hata sijamaliza kuongea ananijibu "mbona inawaka vizuri, na kila siku tunaishika haitupigi shoti". Wiki iliyopita nimejibiwa hivyo tena, na aliyenijibu ni fundi umeme kabisa mwenye leseni. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Mashine kuwaka hakuhusiani na ethi. Laini na nyutro zikifika inawaka, basi. Ethi kazi yake ni kubeba umeme unaovuja, na umeme unavuja kwenye kila mashine hata iliyotoka kwenye boksi leo asubuhi, kwa sababu ndani ya pawa saplai kuna filta na kwenye filta kuna kapasita ndogo inayotoka laini kwenda kwenye bodi ya chuma. Chukua kapasita ya nanofaradi 2.2, umeme wetu wa volti 230 na Hz 50, piga hesabu, inapitisha kama mikroampea 160 (mikroampea ni sehemu moja ya milioni ya ampea) muda wote. Ethi ikiwepo zinashuka ardhini hujui wala husikii. Ethi ikikatika njia yake inakuwa yeyote atakayegusa hiyo bodi.

Sasa wewe ukigusa husikii, ni kweli, maana mtu mzima anaanza kusikia umeme karibu na mikroampea 1000, tena wewe una viatu na ngozi kavu. Mgonjwa wa ICU mwenye katheta, yaani mrija, iliyofika moyoni, au waya za pesimeka ya muda (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) zinazotokea kifuani, hana hiyo ngozi ya kumkinga. Ndo maana IEC 60601-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine za umeme za hospitali, inaweka kikomo cha mikroampea 10 kwa mashine zinazofika moyoni zikiwa nzima, na 50 zikiwa na hitilafu moja. Hizo ndo zenye alama ya moyo ndani ya kiboksi, CF. Zenye kimtu ndani ya kiboksi ni BF, kikomo chake 100 na 500. Kwa hiyo zile 160 usizozisikia ni mara 16 ya kinachoruhusiwa kufika kwenye moyo wa mtu, na wewe unaniambia haikupigi shoti.

Wengine wanakimbilia kwenye breka ya kukata umeme ukivuja, "sisi tuna RCD". RCD ya kawaida inakata kwenye miliampea 30, yaani mara 3000 ya mikroampea 10. Inamsaidia nesi aliyeshika waya uliochunika, moyo wenye katheta haiuoni kabisa. Afu ikikata inazima na ventileta, na hiyo ndo sababu IEC 60364-7-710, kiwango cha waya za umeme za majengo ya hospitali, inataka thieta na ICU ziwe na transfoma ya kutenga umeme pamoja na kifaa kinacholia alamu insulesheni ikishuka kiloohm 50, bila kuzima chochote.

Sasa tuje kwenye plagi, hapa ndo naumia zaidi. Soketi zetu ni za pini tatu za Uingereza, BS 1363. Pini ya ethi ni ndefu kwa makusudi, inaingia ya kwanza na inafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Inakuja monita ya msaada kutoka Ujerumani yenye plagi ya Schuko, pini mbili za duara, ethi yake iko kwenye vibati vya pembeni. Mtu anachukua kalamu anasukuma tundu la juu, vifuniko vinafunguka, anakandamiza plagi inaingia, monita inawaka, wodi nzima inafurahi. Vile vibati vya pembeni havijagusa kitu chochote! Mashine iliyoundwa kutegemea ethi inaendeshwa bila ethi miaka na miaka na hakuna taa itakayowaka kukuambia. Adapta nyingi za bei rahisi ni hivyo hivyo, pembeni plastiki tupu. Na mara nyingi kebo yenyewe ni ya kuchomoa, ileile ya kompyuta ya mezani, unabadilisha kebo nzima kwa hela ndogo kabisa umemaliza. Yenye alama ya mraba ndani ya mraba ndo haitegemei ethi, hiyo pini mbili zinatosha, ila kalamu bado sitaki kuiona kwenye soketi.

Ekstensheni ni hatari zaidi kwa sababu ethi za mashine zote zimeunganishwa humo. Ethi ya ekstensheni ikikatika, uvujaji wa sakshen (mashine ya kufyonza majimaji) na pampu unatokea kwenye bodi ya monita ambayo haina kosa lolote.

Niseme na yanayonisumbua mimi. Ile mikroampea 10 chimbuko lake ni majaribio ya mbwa, na moyo wa binadamu kwa kawaida unahitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1971 Ralph Nader, mtetezi wa walaji wa Marekani, aliandika kwamba Wamarekani 1200 kwa mwaka wanauawa na umeme hospitalini, na ushahidi wa hiyo namba haukuwahi kupatikana. Lakini kifo cha namna hii hakiachi alama ya kuungua, kinaandikwa moyo umesimama, sasa utakihesabuje? Mimi nabaki na 10.

Hata kipimo cha ethi kinanipa wasiwasi. IEC 62353, kiwango cha kupima mashine ambazo tayari zinatumika, inakubali upime kwa miliampea 200, kikomo ohm 0.3 pamoja na kebo, wakati 60601-1 inataka ampea 25. Kebo iliyobaki na nyuzi mbili tatu inaweza kufaulu kwenye miliampea 200. Kwa hiyo napima huku nakunja kebo pale inapoingia kwenye plagi, namba ikirukaruka kebo naikata vipande ili asije mtu akaiokota.

Na soketi ya ukutani pia ipimwe. Multimita kusoma volti 230 kati ya laini na ethi haitoshi, multimita inavuta mkondo kidogo mno, hata ethi iliyobaki uzi mmoja ulioliwa na kutu itakusomea 230 safi kabisa. Tumia lup testa, kipimo kinachopitisha mkondo wa kutosha kwenye ethi yenyewe, na kama hospitali haina, hiyo iingie kwenye bajeti kabla ya monita nyingine mpya.