Bima Hii Inamlipa Nani? Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Bima Katika Jimbo la Ontario

Mtu anayehamia Ontario kutoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura huwa tayari ana elimu yake ya bima, na mara nyingi ni elimu hiyo inayomponza kuliko kutojua kabisa. Majina ya bima anayoyakuta Kanada yanafanana na yale aliyoyazoea, ila mikataba yenyewe imegawanywa kwa namna nyingine. Dhana nyingi zinazozunguka misibani, misikitini, makanisani na kwenye makundi ya simu zingepungua endapo kila mmoja angeuliza jambo moja kabla ya kutia saini: likitokea la kutokea, bima hii inamlipa nani?

Tuanze na gari, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hutoka. Wapo wanaosema, “Nimekata bima kubwa, kwa hiyo gari langu lina kinga yote.” Afrika Mashariki bima kubwa hulipia pia gari la mwenyewe linapogongana na jingine. Ontario, kinga inayobeba jina lile lile la Kiingereza, “comprehensive”, hulipia wizi, moto, mvua ya mawe, kioo kilichopasuliwa na kokoto, na hata gari lililogonga kulungu barabarani. Mgongano wa magari haumo. Kinga ya mgongano ni kifungu kingine, hununuliwa kando, na vyote viwili ni vya hiari kwa mujibu wa sheria, ingawa anayekukopesha fedha za gari kwa kawaida atavidai. Kilicho cha lazima ni dhima kwa wengine, yaani fidia kwa uliowaumiza au kuwaharibia mali, isiyopungua dola 200,000, kinga dhidi ya dereva asiye na bima, mafao ya ajali kwa walioumia, na fidia ya moja kwa moja ya uharibifu wa mali, yaani kampuni yako kukulipia gari lililoharibiwa kwa kosa la mwingine, ambayo tangu tarehe 1 Januari 2024 mwenye gari anaruhusiwa kuikataa. Kwa maoni yangu kuikataa ni kujitafutia hasara kwa ajili ya punguzo dogo. Hizo dola 200,000 nazo ni kidogo mno mtu akivunjika uti wa mgongo, na ndiyo sababu wengi hununua dhima ya milioni 1 au 2. Anayeendesha bila bima kabisa hutozwa faini ya dola 5,000 hadi 25,000 kwa kosa la kwanza.

Dhana iliyoenea zaidi ya zote ni kwamba Ontario hakuna mwenye kosa katika ajali. Imetokana na jina la mfumo wenyewe, “no-fault”, ambalo ukilitafsiri neno kwa neno lina maana ya “bila kosa”. Maana yake halisi ni kwamba kila mtu hupeleka madai yake kwa kampuni yake mwenyewe, wala hahitaji kuifukuzia ile ya aliyemgonga. Kosa linapimwa kama kawaida, tena kwa asilimia, kwa kufuata kanuni zilizoandikwa chini ya Sheria ya Bima ya jimbo, zenye maelezo ya aina kadhaa za ajali. Ukimgonga kwa nyuma aliyekuwa mbele yako katika njia ile ile, kosa ni lako kwa asilimia 100. Kanuni hizo zinaongeza jambo ambalo mgeni wa theluji hulipokea kwa mshangao: kiwango cha kosa huamuliwa bila kujali hali ya hewa, hali ya barabara wala uwezo wa kuona mbele. Kusema “barafu ilinitelezesha” hakubadilishi chochote. Ikiwa kosa lote ni lako na hukununua kinga ya mgongano, hakuna atakayelitengeneza gari lako, na ada ya bima itakuwa imepanda utakapohuisha mkataba.

Mafao ya kuumia, kwa upande mwingine, hulipwa hata kwa dereva mwenye kosa. Fidia ya kipato kilichopotea imekuwa asilimia 70 ya mapato, isiyozidi dola 400 kwa wiki kwa aliyenunua kiwango cha msingi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 fidia hiyo inaingia katika orodha ya mambo ya kuchagua. Matibabu, mazoezi ya urekebishaji na uangalizi wa mgonjwa vinabaki kuwa vya lazima. Anayepokea karatasi za kuhuisha mkataba asizitupe droo bila kuzisoma.

Ndugu akiomba gari kwenda sokoni, wengi huamini kwamba akigonga, bima yake yeye ndiyo itakayolipa. Ontario bima huambatana na gari, hivyo uliyemwazima ufunguo umemwazima pia historia yako ya bima. Jambo hilo si hoja ya kumnyima ndugu, ila ni vyema kampuni ijue nani anaendesha gari hilo mara kwa mara. Kadhalika anayetumia gari la kawaida kubeba abiria wa kulipa au kupeleka chakula majumbani bila kuiarifu kampuni anahatarisha madai yake yote. Na yule anayekaa Brampton, mji unaojulikana kwa ada kubwa, kisha akaandika anwani ya binamu yake wa mji mdogo, amenunua karatasi tu. Kampuni ikigundua, itaweza kukataa kulitengeneza gari lake. Waliojeruhiwa italazimika kuwalipa hadi kile kiwango cha chini cha sheria, kisha imgeukie yeye imdai.

Upande wa nyumba, mpangaji huambiwa kwamba mwenye nyumba ana bima, basi asihangaike. Bima ya mwenye nyumba humlipa mwenye nyumba: kuta, paa, pengine na kodi anayoipoteza. Kitanda, nguo na kompyuta za mpangaji hazimo, wala dhima yake akisahau sufuria jikoni na moto ukaenea vyumba vya jirani. Sheria ya jimbo haimlazimishi mpangaji kukata bima, lakini mkataba wa kupanga unaweza kumlazimisha.

Mnunuzi wa nyumba anayetoa kianzio cha chini ya asilimia 20 hukuta bima imeongezwa kwenye mkopo wake, na hujiona amelindwa. Bima hiyo, ambayo mmoja wa watoaji wake ni CMHC, shirika la nyumba la serikali ya Kanada, humlinda mkopeshaji mnunuzi akishindwa kulipa. Analipa mmoja, analindwa mwingine. Ni tofauti na bima ya maisha ya mkopo inayouzwa na benki, ambayo ni ya hiari, na ambayo fedha zake huenda benki kulipa deni, wala haziingii mikononi mwa mjane. Bima ya kawaida ya maisha humlipa mnufaika uliyemtaja, naye huamua mwenyewe ailipe nyumba au awasomeshe watoto.

Mafuriko nayo yana kitendawili chake. Tarehe 16 Julai 2024 Pearson, uwanja wa ndege wa Toronto, ulipokea karibu milimita 98 za mvua, na vyumba vingi vya chini ya ardhi vikajaa maji. Mkataba wa kawaida wa nyumba haulipii maji yanayoingia kutoka nje juu ya ardhi wala maji taka yanayorudi kupitia mabomba. Kila kimoja huongezwa kwa malipo yake.

Kwa mfanyabiashara, dhana kubwa ni kwamba ukishasajili kampuni, mali yako binafsi iko salama. Kampuni hukukinga na madeni yake mengi, lakini uzembe wa mikono yako mwenyewe unabaki wako, na wakurugenzi wa Ontario wanaweza kudaiwa hadi miezi 6 ya mishahara ya wafanyakazi isiyolipwa. Anayepika mandazi ya kuuza au kushona nguo nyumbani naye asitegemee bima ya nyumba, kwa kuwa mara nyingi haigusi biashara, wala haimlindi mteja akianguka kwenye ngazi zako.

Mfanyabiashara akiajiri hata mtu mmoja, shughuli nyingi humtaka ajisajili WSIB, bodi ya fidia ya wafanyakazi, ndani ya siku 10. Saluni, wapiga picha na waandaaji wa mazishi wamo katika wachache walioachwa. Baadhi ya waajiri huiona michango ya bodi hiyo kuwa kodi isiyo na faida kwao. Lakini mapatano yaliyoanza na sheria ya mwaka 1914 ni kwamba mfanyakazi analipwa bila kuthibitisha kosa, na mwajiri hashtakiwi.

Limebaki la afya. OHIP, bima ya afya ya jimbo, hulipia daktari na hospitali, si meno wala dawa za dukani kwa watu wazima wengi. Ukienda Arusha kusalimia wazee na ukalazwa, OHIP hulipa hadi dola 400 kwa siku kwa huduma ya juu zaidi, na tofauti ni yako. Wazazi wanaokuja kwa viza maalumu ya wazazi na mababu hawaingii OHIP kabisa. Hutakiwa kuwa na bima ya matibabu ya angalau dola 100,000 itakayodumu mwaka mzima tangu siku wanayoingia.