Cairo hadi Cape Town kwa baiskeli: yanayosemwa na yalivyo

Msafara wa Tour d'Afrique ulianza 2003: watu hutoka Cairo Januari na kuingia Cape Town Mei, kilomita kama 12,000. Kuhusu kuumaliza, maneno ni mengi.

"Anayemaliza ni mwenye mapaja." Wapi! Mapaja huzoea. Kinachoangusha watu ni tumbo la kuhara na makalio. Kidonda kidogo cha siti ukikipuuza wiki moja kitakushusha baiskelini kabla ya mlima wowote. Kaptura ifuliwe kila jioni hata maji yakiwa ya kubahatisha, na ivuliwe pale pale ufikapo kambini, si kukaa nayo ukinywa chai.

"Wote huenda kundi moja." Malori hubeba mahema na chakula, kila mtu akaenda kwa mwendo wake hadi mlo wa mchana. Umoja huonekana kwenye upepo wa mbisho: anayejibanza nyuma ya mwenzake huweza kupunguziwa karibu theluthi ya ukinzani wa hewa, ndiyo maana hupokezana mbele. Anayekwepa zamu husemwa jioni.

"Ukipanda lori hujamaliza." Wapo wanaoapa kukanyaga kila inchi, na heshima yao wapewe, ila ni wachache. Aliyebebwa siku tatu kwa homa kisha akarudi barabarani hadi Cape Town kamaliza. Kwangu hilo halina mjadala.

"Ukifika, mwili hutulia." Njaa hubaki ileile huku pumzi ikianza kushuka ndani ya wiki mbili tu za kukaa. Ganzi ya kidole cha mwisho na jirani yake, itokanayo na neva inayobanwa kiganjani kwenye usukani, huweza kudumu wiki kadhaa.

"Tairi lenye upepo hupasuka ndegeni." Chumba cha mizigo nacho hutiwa presha kama cha abiria. Hata nje kusingekuwa na hewa kabisa, tofauti kati ya presha ya ndani ya tairi na ya nje ingeongezeka kwa kama pauni 15 tu kwa inchi ya mraba. Mashirika mengi bado hutaka upepo upunguzwe. Punguza, lakini bakiza kidogo kulinda rimu. Kazi iko kwenye kung'oa pedeli ya kushoto unapofunga baiskeli kwa safari ya ndege: skrubu yake ni ya kinyume, hufunguka kwa kuzungusha upande unaokwenda mshale wa saa. Watu wazima huning'inia kwenye spana, jasho likiwatoka, wakizidi kuikaza.