Shingo kuvimba, homoni na chumvi ya jikoni kwako: maswali na majibu

Swali: Sa hivi kila tatizo watu wanasema "homoni zimevurugika". Homoni ni kitu gani hasa?

Ni kemikali inayotengenezwa na tezi, inamwagwa kwenye damu na kusafiri hadi kiungo kingine kukipa amri. Tezi ziko nyingi, kongosho inatoa insulini ya kushusha sukari, zile za juu ya figo zinatoa adrenalini, ila leo tukae na moja tu, thairoidi, iko mbele ya shingo chini ya kikoromeo, manake hii inatesa watu wengi na hawajui.

Swali: Kazi yake nini?

Inaamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Ikitoa homoni kidogo kila kitu kinapoa, mtu anachoka, anasikia baridi wakati wenzake wanajipepea, choo kigumu, uzito unapanda, ngozi inakauka, moyo unapiga taratibu na kwa wanawake hedhi inakuwa nzito. Ikizidisha ni kinyume chake, moyo unakimbia, mikono inatetemeka, usingizi hakuna, anakula vizuri na bado anakonda, wengine hadi macho yanatokeza. Huyu wa kukonda ndio mtaani wanaanza kumsema vibaya na inaniuma sana, maana ni ugonjwa unaotibika!

Swali: Nani anaiambia itoe kiasi gani?

Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo kama njegere, kinaitwa pituitari. Kikiona homoni ya thairoidi imepungua kwenye damu kinatuma homoni yake, TSH, kuisukuma thairoidi ifanye kazi, zikitosha kinapunguza. Ndo maana hospitali wanaanza kupima TSH. Na hapa wengi wanachanganya: TSH ikiwa juu, mara nyingi maana yake thairoidi yenyewe imezidiwa, homoni zake ziko chini.

Swali: Bibi yangu huko nyanda za juu kusini alikuwa na rovu kubwa, yaani uvimbe wa shingo, wakasema karogwa. Ni kweli?

Hapana ndugu yangu. Thairoidi inatengeneza homoni kwa kutumia madini joto, yaani ayodini, tunayoyapata kwenye chakula. Yakikosekana homoni hazitoshi, pituitari nayo inaendelea kusukuma TSH usiku na mchana, basi tezi inakua na kukua hadi shingo inavimba. Maeneo mengi ya milimani mvua imeosha madini hayo kwenye udongo miaka na miaka, kwa hiyo hata mazao yanakuwa nayo kidogo, tofauti na anayekula samaki wa baharini. Kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu kule Kongo, watafiti waliona tatizo linaongezwa na muhogo usioandaliwa vizuri, sumu yake inazuia tezi kuchukua ayodini. Ila sio kila uvimbe ni madini joto, kuna vinundu, kuna kinga ya mwili kuishambulia tezi, na mara chache saratani, kwa hiyo lazima upimwe.

Swali: Kupata hayo madini joto, chumvi yoyote inafaa?

Soma pakiti, iandikwe ina madini joto, Tanzania sheria inataka hivyo tangu miaka ya 1990. Chumvi ya kupimiwa kwenye gunia lililo wazi juani madini yanapotea. Nyumbani iweke kwenye kopo lenye kifuniko na uitie mwisho wa mapishi. Usizidishe lakini, presha ipo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za ayodini kwa siku, mjamzito 250. Mjamzito nasisitiza, miezi ya mwanzo mtoto anategemea homoni za mama, zikikosekana sana ubongo wake unaumia na hauponi tena.

Swali: Nimepewa levothairoksini, vile vidonge vya homoni ya thairoidi, naweza kumeza na chai? Nikipata nafuu niache?

Usiache mwenyewe dada, ile nafuu ni dawa inafanya kazi. Meza asubuhi tumbo tupu kwa maji, subiri nusu saa mpaka saa nzima ndo unywe chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vitenge kwa masaa 4. Ukishika mimba wahi kliniki, dozi mara nyingi inaongezwa.

Swali: Nitajichunguzaje?

Simama mbele ya kioo na glasi ya maji, inua kidevu kidogo, meza funda moja huku unaangalia sehemu ya chini ya shingo. Ukiona kitu kinapanda na kushuka kimetuna, nenda kapime. Kama ni kigumu, kinakua haraka, sauti imekwaruza au chakula kinakwama, nenda wiki hii hii.