Kununua kiwanja Annexe: anza na pembe nne

Mvua zikikatika, kuanzia mwezi wa nne, watu wa Lubumbashi, wa komini (sehemu za mji) za Kenya, Katuba na Kamalondo, waliochoka kupanga huanza kutafuta kiwanja nje ya mji, huko Annexe: Kalebuka, Luwowoshi, Kasapa, Kisanga, Munama. Wanataka kimya, nafasi ya watoto kucheza, na kipande cha kupanda mihogo na maembe. Ninawaelewa vizuri, maana mimi pia ninaishi huko. Kazi yangu ni kupima ardhi, na kila anayenipigia simu ninamwambia neno lilelile: usitoe hata dola moja ya akonti (malipo ya kwanza) kabla hujawa na pointi za GPS za pembe zote nne, zilizochukuliwa na mpimaji uliyemleta wewe mwenyewe.

Komini ya Annexe inauzunguka mji wa Lubumbashi karibu pande zote, na viwanja vyake vingi vinauzwa kwa mdomo. Komisionere (dalali) anakupeleka, ananyoosha mkono, anasema kiwanja kinatoka kwenye muti ule hadi kwenye kichuguu kile, mita 20 kwa 30. Ukivuta utepe unakuta 18 kwa 29. Ulikuwa unalipia mita za mraba 600, zilizopo ni 522. Hiyo ndiyo hasara ndogo.

Hasara kubwa ni hii. Ukienda ofisi ya ardhi na kopi ya karatasi ya muuzaji tu, watakuambia kama karatasi hiyo ipo kwenye vitabu vyao. Hawawezi kukuambia kama inahusu udongo uliosimama juu yake jana. Nimeona karatasi safi kabisa, yenye sahihi na mihuri yote, inayotumika kuonyesha kiwanja kilicho avenyu tatu mbali na kile cha kweli. Pointi za pembe nne ndizo zinazounganisha karatasi na udongo.

Tukumbuke pia unanunua nini. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Leta, yaani serikali. Mtu anapata haki ya kuitumia, na kwa Mkongomani haki hiyo inaweza kuwa ya kudumu. Ushahidi wake ni mmoja: sertifika ya usajili inayotolewa na konservatere, ofisa wa hati za ardhi. Fishi ya parseli (kadi ya kiwanja) kutoka komini, barua ya chifu, karatasi ya mauzo iliyosainiwa mbele ya shefu wa kartie (mkuu wa mtaa), zote zina kazi yake, zinaonyesha historia ya kiwanja, lakini hakuna hata moja inayokufanya mwenye haki mbele ya sheria. Kontra (mkataba) ya kukodi kwa Leta nayo ina muda, miaka mitatu, na imetolewa ili mtu ajenge. Anayekuuzia kiwanja kitupu kwa kontra ya zamani, muulize kwa upole iliisha lini.

Huku kwetu kuna jambo jingine la kuangalia. Kartie nyingi za Annexe zilikuwa mashamba makubwa au ardhi za machifu wa vijiji. Mwenye shamba anakata vipande, anauza kimoja kimoja, huku hati ikibaki moja, kwa jina lake, kwa shamba zima. Kipande chako hakina namba ya kadasta, yaani rejista ya viwanja na mipaka yake. Akifa, watoto wake wanakuja na hati nzima mkononi. Kwa hiyo uliza: shamba limegawanywa rasmi kwenye kadasta? Kipande hiki kina namba yake? Na kama muuzaji anayo sertifika, soma tarehe. Ikiwa haijafikisha miaka miwili, bado inaweza kupingwa mahakamani. Kama ana mke au mume, sahihi za wote wawili ziwepo, hata akikuambia kiwanja ni chake peke yake.

Wanunuzi wengi wa Lubumbashi wanasahau kwamba nchi hii ina kadasta mbili. Haki ya juu ya udongo na haki ya madini yaliyo chini yake zinatolewa na ofisi tofauti, kwa sheria tofauti. Kadasta ya madini, CAMI, inagawa vibali kwa miraba ya karibu hekta 85 kila mmoja, na ramani yake inaonekana kwenye intaneti. Tia pointi zako humo. Mtu anaweza kuwa na sertifika halali na bado akawa ndani ya kibali cha mtu mwingine cha shaba na kobalti, na siku mashine zikifika, kimya alichokinunua kimekwisha. Pointi hizohizo zitakuonyesha kama uko chini ya nyaya za umeme mkubwa au kwenye ardhi iliyoachwa kwa ajili ya reli. Viwanja vya sehemu hizo ni vya bei rahisi kwa sababu hiyo.

Sasa maji, maana bomba la REGIDESO, shirika la maji, halijafika sehemu nyingi za huko, na utaishi kwa kisima au foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine). Angalia visima vya majirani mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, wakati maji yameshuka kabisa. Mwezi wa pili kila kisima ni kizuri. Halafu piga hesabu ya choo. Watu wa maji wanashauri mita 30 kati ya kisima na shimo la choo. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 30, kutoka pembe hadi pembe ya kuvuka ni mita 36. Nafasi unayo, lakini ni hiyo tu: kisima pembe moja, upande wa juu wa mteremko, choo pembe ya mbali. Na hesabu hiyo inaharibika kama jirani amechimba choo chake nyuma ya ukuta, mita nne kutoka kisima chako. Kwa hiyo ninapopima kiwanja, ninachora pia vyoo na visima vya majirani. Wateja wengine wanaona ninapoteza muda. Watoto wao ndio watakaokunywa maji hayo.

Kichuguu kikiwa ndani ya kiwanja, usikichukie: udongo wake ndio unaofanya matofali mazuri. Ila usijenge nusu ya nyumba mahali kilipokuwa, na nusu nyingine kwenye udongo wa kawaida, ukuta utapasuka katikati. Uliza pia kama mahali hapo palichimbwa matofali zamani. Mashimo hayo hufukiwa kwa takataka, yanasawazishwa, kisha yanauzwa.

Umeme ni suala la majirani: muulize aliyetangulia kama kabine (transfoma) ya SNEL, shirika la umeme, bado ina nguvu na kila nyumba ilichangia kiasi gani kwa nguzo.

Yote yakiwa sawa, lipa kwa awamu, na awamu ya mwisho itoke siku sertifika inapoandikwa jina lako. Siku ya kupanda bone za saruji (alama za mipaka) waite majirani wote wa mipaka, watie sahihi kwenye karatasi ya upimaji, na upige picha kila bone, nyumba ya jirani ikionekana nyuma yake.