Geuza Kwanza: Kawa, Mbuzi na Vitu Vingine vya Mkono Vinavyostahili Nafasi Nyumbani

Kazi yangu ni kupanga nyumba za watu: kuchagua samani, vitambaa na vyombo, na kutafuta mafundi wa kuvitengeneza. Mteja anaponiambia kwamba anataka "kitu cha asili kidogo", mara nyingi anakuwa na picha ya kikapu cha kutundika ukutani, kinyago cha kuweka juu ya kabati, au mlango wa kuchongwa uliokatwa na kufanywa fremu ya kioo. Sina ugomvi na kioo hicho. Hata hivyo nikiachiwa hiari naanzia jikoni, kwa sababu huko mwambao wetu umehifadhi vitu vya mkono ambavyo umbo lake limeamuliwa na kazi ya kila siku, na vitu vya namna hiyo humpa mwenye nyumba raha kila anapovishika, hata miaka mingi baada ya mgeni wa kwanza kuvisifu.

Chukua kawa. Hiki ni kifuniko cha chakula chenye umbo la pia, kilichosukwa kwa ukindu, ambacho hufunikwa juu ya sinia la wali, sahani ya mikate ya kumimina au rundo la chapati. Watu wengi hulisifia rangi zake na kuishia hapo, ilhali ustadi wake mkubwa uko katika mteremko wa kuta zake. Chakula cha moto hutoa mvuke, na kifuniko bapa cha bati au cha plastiki huukusanya mvuke huo hadi ukawa matone, kisha matone yakaurudia wali katikati na kuulowesha. Kawa halifanyi hivyo. Sehemu ya mvuke hupenya kati ya majani yaliyosukwa, sehemu hunywewa na majani yenyewe, na kidogo kinachobaki huteremka kwa ndani hadi ukingoni, mbali na chakula. Juu kunabaki nafasi ya kutosha, hivyo hata pilau iliyorundikwa haiguswi, na nzi hapati pa kuingilia. Anayetaka wali ubaki wa moto hadi usiku atumie hotipoti. Kawa ni kwa ajili ya chakula kinachosubiri watu wanawe mikono.

Ili kulichagua vizuri inafaa kujua linavyotengenezwa. Mkindu ni mti wa jamii ya mtende unaopenda mabonde na kandokando ya maji. Hukatwa majani machanga ambayo bado hayajakunjuka, kwa kuwa ndiyo laini na yenye rangi iliyo sawa, kisha huanikwa juani, na yakikauka huchanwa kuwa chane nyembamba za upana mmoja. Zile zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa. Zamani mbegu za mzingefuri zilitoa wekundu, manjano ikatoa rangi ya jina lake, na mizizi ya mdaa ikatoa weusi. Siku hizi wasukaji wengi hununua rangi za unga dukani, na sioni sababu ya kuwalaumu, maana rangi hizo hung'aa na kazi huenda haraka. Chane hulowekwa kidogo zisivunjike, na hapo ndipo msukaji anapoanza kusuka utepe mrefu, ambao ndio ukili, mpana au mwembamba kulingana na idadi ya chane alizoshika. Ukili husukwa pima kwa pima na kukunjwa kuwa bunda la mviringo, aghalabu barazani, katikati ya mazungumzo na shughuli nyingine za nyumbani.

Kushona ni kazi ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha kitu kizuri na kitu cha kawaida. Kwa kawa, ukili huanzia nchani na kuzungushwa kuteremka chini, kila mzunguko ukishonwa kwenye ule uliotangulia. Kwa mkeka, vipande vya ukili hulazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwa uzi wa majani hayohayo. Mshonaji hodari hupanga vipande vyake ili mchoro ulioanza kwenye kipande cha kwanza uendelee katika cha pili na cha tatu bila kuruka. Ukiutazama mkeka wa namna hiyo kutoka mlangoni unaona misumeno, miraba au mistari ya mshazari iliyotulia, na huwezi kusema kwa urahisi maungio yako wapi. Palipo na haraka, mistari hupishana kwa upana wa kidole, na macho hayatulii hata ukiwa hujui kasoro ni nini.

Ndiyo maana namshauri kila mnunuzi ageuze kitu kwanza kabla ya kuuliza bei. Upande wa ndani wa kawa, au wa chini wa mkeka, ndipo zinapoonekana ncha za chane zilizoongezwa njiani. Katika kazi nzuri ncha hizo zimekatwa fupi na kulala, wala hazichomi kiganja ukipitisha mkono. Kisha kinyanyue kitu kuelekea mwangaza. Vitundu vidogo vilivyolingana ni vya kawaida, lakini ukiona ufa mrefu kati ya mzunguko na mzunguko, uzi umelegea na utaendelea kulegea. Tazama pindo: liwe limekunjwa na kushonwa kuzunguka lote, kwa sababu kitu cha ukili huanza kufumuka ukingoni. Nusa pia. Harufu ya majani makavu ni nzuri, harufu ya uvundo maana yake kitu kilifungwa kikiwa kibichi. Mwisho, lowesha kidogo pembe ya leso nyeupe na usugue sehemu nyekundu. Ikiacha rangi kwenye leso, itaacha rangi kwenye kitambaa chako cha meza.

Nichanganue hapa jambo ambalo maduka ya mapambo hulivuruga. Jamvi na mkeka ni vitu viwili. Jamvi husukwa kwa miyaa, yaani majani ya mti uitwao mkoma, chane zake ni pana, halina rangi, na kazi yake ni kutandikwa sakafuni watu wengi wakakaa. Mkeka ni wa ukindu, ni mwembamba na laini zaidi, na ndio wenye michoro. Mteja mwenye sebule kubwa ya saruji hufurahi zaidi akitandika jamvi kwanza na mkeka juu yake, kuliko akinunua mkeka mmoja mkubwa wa gharama na kuusaga kwa miguu ya viti. Na viti vyenyewe visikae juu ya mkeka. Hilo silikubalii mjadala.

Kitu cha pili ninachokipenda kuliko vyote ni mbuzi ya kukunia nazi. Wabunifu wa samani husifiwa kwa kiti kinachokunjika, na mbuzi imekuwa ikikunjika majikoni mwetu siku zote bila kusifiwa na mtu. Ni mbao mbili zilizopishana, moja ikiwa na nafasi katikati ambamo nyingine hupita, na kwenye ncha ya ubao mmoja kuna ulimi wa chuma wenye meno. Ukiikunjua inasimama na kuwa kigoda. Ukikaa juu yake, uzito wako wenyewe ndio unaoikaza, hivyo kadiri unavyokuna ndivyo inavyotulia. Ukimaliza unaikunja, inakuwa bapa, unaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwa mtu anayeishi katika nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya tatu, hakuna samani nyingine inayompa kiti na chombo cha kazi kwa nafasi ndogo hivyo.

Uzuri wake unategemea vipimo vidogo. Ulimi unapaswa kupinda kiasi cha kuufuata mviringo wa ndani wa kifuu, vinginevyo nazi itakunika katikati tu na kubaki nyingi pembeni. Meno yakiwa madogo na yaliyokaribiana, nazi hutoka laini na tui la kwanza huwa zito; yakiwa makubwa na yaliyoachana, hutoka vipande vikubwa, na utakamua machicha yako mara tatu bila kupata ulichotarajia. Ulimi usiwe mkali kupita kiasi, maana utachimba hadi kwenye ganda la kahawia lililoshika kifuu, na tui litapoteza weupe wake. Kimo nacho ni muhimu: bakuli au sinia likae chini ya meno bila mkunaji kuinua magoti hadi kifuani. Njia pekee ya kuyajua haya ni kuikalia. Muuzaji asiyetaka uikalie mbuzi yake, huna haja naye. Ninajua blenda ipo, na siku za kazi hata mimi ninaitumia. Lakini blenda husaga kila kilichotiwa ndani, na mkono kwenye mbuzi huchagua pa kuishia.

Ombi moja kwa wenzangu wa mapambo: tusizipake mbuzi vanishi. Nimeziona zimepakwa na kuwekwa ukumbini na maua ya plastiki juu yake, ulimi umeng'olewa ili usimdhuru mtu. Ubao huo unahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi, basi.

Nazi yenyewe hutupa vyombo vingine viwili au vitatu ambavyo nitavipitia upesi. Upawa ni kipande cha kifuu chenye mpini wa mti, hutumika kuchotea mchuzi. Kata ni ndugu yake mwenye kina zaidi, ya kuchotea maji. Mpini mzuri hupitishwa katika matundu mawili yaliyotobolewa ubavuni na kubanwa hapo bila msumari, na kifuu kimesuguliwa hadi kikalainika, kazi ambayo zamani ilifanywa kwa majani ya msasa yenye kukwaruza. Kifuu hakikwaruzi chungu wala hakipitishi moto mkononi. Kifumbu, yaani kile kimfuko kidogo cha kusukwa cha kukamulia tui, kimekuwa adimu tangu chujio za plastiki zilipoenea. Ukikikuta sokoni kichukue. Kipepeo cha kupepea jiko la mkaa ndicho cha bei nafuu kuliko vyote hivi, na ni zawadi ambayo haijawahi kukataliwa.

Anayetoka bara asidhani kwamba nazungumzia ukili kwa dharau ya vikapu vya kwao. Tofauti ni ya ufundi. Vikapu vya nyasi za milulu vya Iringa, vinavyotengenezwa na akina mama wa Kihehe, pamoja na kiondo cha Kenya, huundwa kwa kuzungusha nyuzi mbili zinazopishana kwenye nguzo zilizosimama, hivyo ukuta hujengwa moja kwa moja bila kushonwa baadaye. Nyuzi za kiondo zenyewe zina historia: Wakamba walitumia magome ya mbuyu kabla ya mkonge kuenea, na mkonge ulifika Tanga mwaka 1893 ukiletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Agaseke ya Rwanda ni njia ya tatu, ambapo kishada cha majani huviringwa na kufungwa kwa uzi, mzunguko kwa mzunguko, mpaka kikapu kiwe kigumu. Kifuniko chake ni cha pia kama kawa, na Wanyarwanda wamekiweka kikapu hicho katika nembo ya taifa lao. Ukijua njia hizi tatu utajua pia pa kukagua: kwenye ukili kagua mshono, kwenye kiondo kagua kitako kilikoanzia nyuzi, kwenye agaseke sukuma ukuta kwa kidole gumba uone kama unabonyea.

Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania bara ikafuata Juni 2019, kikapu kimerudi mkononi mwa watu wanaokwenda sokoni. Vingi kati ya vikapu hivyo husukwa kwa mikanda ya plastiki ya kufungia maboksi, na baadhi ya wateja wangu huvikunjia uso. Mimi naviona ni kazi ya mkono iliyo halali kabisa: msukaji amechukua malighafi iliyopo, rangi amezipanga yeye, na kikapu chake hubeba samaki wa maji maji bila kuoza. Ninachokikataa ni mkeka wa plastiki wa kiwandani uliochapishwa michoro ya kuiga ukindu.

Utunzaji wa vitu vya ukili si mgumu. Mkeka huviringwa, haukunjwi. Ukichafuka ufute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uanike kivulini, kwa sababu jua kali hupausha rangi na kuyafanya majani yakatike. Adui mkubwa kwa walio pwani ni unyevu, hivyo kawa litundikwe penye hewa badala ya kufungiwa kabatini. Kwa walio Dodoma, Nairobi au Ulaya mambo ni kinyume: hewa kavu, na zaidi ile ya nyumba zinazopashwa joto wakati wa baridi, huvunja chane. Nyunyiza maji kidogo kabla ya kuuviringa mkeka, uache unywe kwa muda, ndipo uuviringe.

Ukiweza, agiza kwa msukaji mwenyewe kuliko kununua kilichokwisha kuwekwa rafuni. Mpe arubuni ya kutosha kununua ukindu na rangi, mwambie rangi unazozitaka na ile usiyoitaka, na umwachie yeye mchoro, maana anajua upi unakaa kwenye ukili wa upana gani. Usimharakishe kipindi cha mvua, kwani majani hayakauki. Na kama ni kawa unaagiza, usimpelekee sentimita ulizopima kwa futi kamba. Mpelekee sinia lenyewe, aligeuze, apime kwa shibiri yake, na aongeze vidole viwili ili ukingo wa kawa ukae mezani nje ya sinia badala ya kuning'inia juu yake.