Nani anakimbia? Neno "run" mezani pa mfasiri

Kazi nyingi zinazofika mezani kwangu hapa Nairobi ni za kawaida: maelekezo ya mashine, mikataba ya ajira, vipeperushi vya afya. Humo ndani hakuna neno la Kiingereza linalonisimamisha kama "run", ambalo wengi hulijua kwa maana ya kukimbia. Mtoto wa chekechea analijua, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mfasiri chipukizi haoni haja ya kufungua kamusi.

Akiifungua, atashangaa. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set". Marekebisho yaliyofuata yaliliondoa kileleni, na "run" likachukua nafasi hiyo. Peter Gilliver, mhariri aliyelishughulikia "run", alitumia takriban miezi tisa, na kitenzi peke yake kikatoka na maana 645.

Maana hizo zina ukoo. Tangu zamani sana neno hili lilihusu miguu, lakini pia maji. (Kijerumani kimeyatenganisha: rennen ni kukimbia, rinnen ni kutiririka.) Kwa upande wa maji tukapata damu, kamasi, na rangi ya nguo inayochuja ukiifua. Kisha zikaja mashine, na chochote kinachofanya kazi mfululizo kikaingia humo: kiwanda, duka, basi la ratiba, na siku hizi programu ya kompyuta.

Chukua onyo hili la pampu ya kisima: "Do not run the pump dry." Nimewahi kuhariri rasimu iliyosema "usikimbize pampu ikauke". Fundi akisoma hivyo, ataelewa nini? Kinachokusudiwa ni kwamba maji ndiyo yanayopoza na kulainisha sili za pampu, yaani vizuizi vinavyozuia maji yasivuje. Ikizunguka bila maji, sili zinaungua. Kwa hiyo tunaandika: "Usiwashe pampu kama haina maji." Hakuna mbio hapo, wala hazihitajiki.

Ndiyo maana nawasisitizia wanaoanza kazi hii: usiulize "run" ni nini, uliza nani au nini kinafanya hivyo, na kinafanyia nini. Mkataba ukifanya hivyo kwa miaka miwili, basi ni mkataba wa miaka miwili, kwisha. Gazeti likiifanyia habari hivyo ("run a story"), limeichapisha. Mtu akiifanyia ofisi ya gavana hivyo ("run for governor"), anawania ugavana, na anayeandamana na mgombea urais kwenye karatasi ya kura ("running mate") ni mgombea mwenza. Mwandani huyo tulimpatia jina zuri sana. Natamani istilahi zetu zote zingekaa vizuri hivyo.

Kiswahili nacho kina kitenzi kinachokaribia, nacho ni kuendesha. Tunaendesha gari, tunaendesha biashara, tunaendesha mashine. Lakini mama akifika kliniki akasema "mtoto anaendesha tangu jana", muuguzi hatafuti gari. Anauliza kuhusu choo na kuandaa maji ya chumvi na sukari. Kipeperushi cha afya kikitumia kuendesha kwa maana ya kusimamia mradi, mimi hubadilisha mara moja. Ukurasa mmoja haufai kubeba maana hizo mbili.

Penye kukimbia kweli, tusione haya kuliacha neno likimbie. Wateja wanapopata wasiwasi kuhusu benki na kufurika kutoa akiba zao kwa wakati mmoja, Kiingereza husema "bank run". Nimeona watu wakihangaika kuunda istilahi ndefu ya kitaalamu, ilhali mnyambuliko wetu wa kawaida unatosha: wateja walikimbilia kutoa pesa. Haraka imo katika "kimbia", na ile "-lia" ya mwisho inaongeza mahali na kusudi.