Dege si jina jingine la malaria

Juzi ndani ya gari ya Wete kwenda Chake, huku Pemba, bi mkubwa mmoja alikuwa akimsimulia mwenziwe habari za mjukuu: kashikwa na dege usiku, kapelekwa kituoni, kachomwa kidole, malaria hakuna. "Basi kumbe ni dege lenyewe," akamaliza, na gari nzima ikaitikia. Mie nimepakata kuku, nikanyamaza.

Dege, au degedege, ni mtukutiko unaompata mtoto mdogo, aghalabu wa miezi 6 hadi miaka 5, homa inapompanda. Basi.

Kilichotuponza ni jina. Ndege ukimkuza huwa dege, na wazee husema dege hilo hupita juu ya nyumba wakati wa magharibi. Likimpitia mtoto, au winda lake (nepi ya kitambaa) lililosahauliwa kambani, limemshika. Wengine humwita dege yule nondo mkubwa anayeingia usiku. Ndiyo maana bibi yangu akianua mawinda kabla ya adhana, na mtoto akafungwa mvuje, ule utomvu mkavu wa dawa, mkononi ndani ya kitambaa cheusi, harufu yake ikikupokea tangu mlangoni. Na aliyelitunga jina hakuwa mjinga: mtoto akishikwa, mikono hupapatika kama mbawa.

Lakini jina linasema mwili unavyofanya, halisemi nini kimeufanya. Zamani, mabonde yetu ya mpunga yalipojaa mbu, malaria ndiyo iliyowashika wengi, tukazoea kuvichanganya viwili hivi. Ikaja dawa mseto mwaka 2003, vikafuata vyandarua na upigaji dawa majumbani, na kufikia 2008 waliokuwa na vimelea Zanzibar walishuka chini ya asilimia 1. Homa za masikio, kifua, mkojo, hata uti wa mgongo, hazikuondoka na mbu. Nazo huleta dege vilevile.

Tena dege la homa kwa kawaida hukatika lenyewe ndani ya dakika chache. Mvuje ukifukizwa dakika ya pili, mtoto akatulia ya nne, nani ataushinda mvuje kwa sifa?

Kwa hiyo, bi mkubwa, kile kipimo kilisema malaria haipo. Hakikusema dege limetoka wapi. Mjukuu arudishwe palepale kituoni, homa itafutwe chanzo chake. Likimshika tena, mlaze ubavu, kijiko usimtie mdomoni, na lisipokatika dakika 5 msingoje asubuhi. Mvuje ubaki mkononi ukipenda; moshi wake tu usimsogezee puani.